Fundi Shaka na Kona Iliyokataa Rangi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika Idara ya Majengo, mpiga rangi wetu mkuu anastaafu. Jina lake kamili litasomwa kwenye cheti. Sisi tunamwita Fundi Shaka, na ukimwita vinginevyo hageuki.

Jina hilo halikumwangukia bure. Alianza na kuta, lakini hakukawia kuhamia sakafu za zege za gereji, kwa maelezo kwamba ukuta unajionyesha wote ulivyo, ila sakafu inaficha mambo. Kila gereji aliingia kama askari anayepekua nyumba. Alisugua madoa ya oili kwa sabuni kali, akapiga msasa, kisha akadondosha maji na kuinama kuyatazama. Yakinywewa, alipaka dawa ya kuziba zege na kuendelea. Yakisimama kama shanga, alitangaza kwamba kuna mafuta yamejificha, na kazi ikaanza upya.

Binadamu nao hawakusalimika. Siku moja alinyunyiza unga kwenye mlango wa gereji ambayo rangi yake ilikuwa haijakauka, akapata nyayo. Alizunguka ofisi zote akichungulia viatu chini ya meza, mpaka akafika kwa meneja. Meneja alikunja miguu chini ya kiti, lakini alikuwa amechelewa.

Hayo tunayacheka. Habari ya kona ya gereji yetu kubwa haikumchekesha mtu.

Kona hiyo iko nyuma, upande wa kushoto, mahali alipokuwa akiegesha lori dereva ambaye wote tunamwita Shemeji, kwa kuwa Fundi Shaka amemwoa dada yake. Fundi alipaka sakafu nzima ikang'aa, lakini pale konani rangi ikavimba malengelenge na kubanduka. Akamshuku muuza rangi, akabadilisha duka. Rangi ikabanduka tena. Safari hii macho yake yalitua kwenye lori.

"Unaingiza lori kabla rangi haijakaza," alimwambia Shemeji mbele ya makanika. "Na linavuja."

"Lori langu halivuji," Shemeji akajibu. "Lala chini ulitazame."

Fundi hakulala chini. Alikwenda kwa meneja. Meneja naye, aliyechoshwa na kona ile, akamwondoa Shemeji kwenye lori na kumpeleka getini kufungua na kufunga. Mtu aliyeendesha malori tangu ujana wake akawa anawapungia mkono madereva wenzake wakitoka.

Wale wawili wakawa wanapishana kama hawajuani. Shemeji aliacha kwenda nyumbani kwa dada yake. Mke wa Fundi hakugomba, alimwuliza mumewe swali moja tu wakiwa mezani: "Ulimwona kwa macho yako?" Fundi alituambia mwenyewe kwamba chakula kilimshinda.

Akaikwangua kona na kuipaka kwa mara ya tatu, akaweka vizuizi pande zote. Hakuna gari lililokanyaga pale. Wiki chache baadaye malengelenge yakarudi.

Sisi tulioshuhudia hatujasahau uso wake. Alikaa juu ya kopo la rangi akiitazama kona. Kisha akaikwangua mpaka zege likabaki tupu, akatandika kipande cha nailoni na kukibana kingo zote kwa utepe. Kesho yake nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani. Maji yalikuwa yakipanda kutoka chini. Walipochimba nje ya ukuta wakakuta bomba la maji machafu kutoka sehemu ya kuoshea magari limepasuka, na kila gari lililooshwa lilikuwa likinywesha ile kona.

Angeweza kumfuata Shemeji pembeni na kunong'ona. Alingoja asubuhi, madereva wote wakiwa getini wanasubiri kutoka, akavua kofia.

"Shemeji, nilikusingizia. Maji yametoka chini ya sakafu. Wewe hukufanya kitu, na lori lako sikulitazama."

Shemeji alibaki ameshika mnyororo wa geti. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, pisha watu waende kazini kwao."

Hapakuwa na kukumbatiana. Siku hiyohiyo Fundi aliketi kwa meneja hadi Shemeji akarudishiwa lori. Bomba likabadilishwa. Meneja alitaka kona ipakwe haraka. Fundi alikataa mpaka nailoni ilipokaa kavu, na hilo lilichukua msimu mzima wa jua. Alipomaliza kupaka na rangi ikakaza, alimwomba Shemeji aingize lori la kwanza. Shemeji aliliegesha taratibu, akashuka, akalala chini ya lori kwa tumbo, akatazama, akasimama akijipangusa.

"Halivuji," alisema. Ndipo wakacheka wote wawili. Jumapili iliyofuata alikwenda kula kwa dada yake.

Tangu hapo Fundi Shaka hakuacha kushuku, hilo tusidanganyane. Hata ukumbi wa sherehe hii ya kumuaga amekwisha kuupitia akigonga sakafu kwa kisigino. Ila hatujamsikia tena akitaja jina la mtu kabla hajatandika nailoni. Gereji anazotuachia ni imara, na madereva wetu hawatelezi.

Siku ya mwisho, makopo yake, rola zake na kiti chake cha ofisini vitapakiwa kwenye lori. Gari la idara lilikuwa tayari, lakini Shemeji aliomba lisihangaishwe: huyu, alisema, nampeleka mwenyewe.

Asante, Fundi. Uende salama, upumzike vizuri, na nyumba yako isikose wageni.