Uzi Uliokatiza Ukingo wa Makorongo

Ndugu, jamaa, na ninyi mliopambana na tope kutoka Chinle na Many Farms, kwa niaba ya familia nasimama mimi Ranelle, mtoto wa Desbah, dada wa marehemu, kuwasomea maisha ya Leland Etsitty, na jina hilo nimelitaja mara moja tu kwa sababu kasisi alilihitaji, kuanzia hapa nitamwita Mjomba, maana wazee wetu hawataki aliyeondoka aitwe-itwe akageuka njiani, na huyu wetu mnamjua, hata akienda zizini alikuwa akigeuka mara tatu kufuata kofia.

Mjomba alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa Lukachukai, mtoto wa pili wa Bibi Glennibah, mfumaji wa mazulia wa ukoo wa Maji Machungu, na baba yake alikuwa wa ukoo wa Nyumba Ndefu. Mwaka 1953 alipelekwa shule ya bweni, ambako lugha yetu ilikatazwa, akatoroka mara nne, mara ya mwisho akitembea siku mbili kwenye theluji, na Bibi alipomuuliza amejifunza nini huko, akatoa mfukoni karatasi ya kunguru aliowachora kupitia dirishani.

Kuanzia 1966 alifanya kazi ya kutengeneza reli, akaiacha 1971, akashika brashi moja kwa moja, akachora mwewe, tai, bata mzinga, kulungu na mbweha, kila kiumbe isipokuwa bundi, ambaye hakuna aliyethubutu hata kumwagiza. Tarehe 9 Juni 1972 alifunga ndoa na Lorena Tohannie, wakajaliwa watoto watatu, Verna, Darrell na Kee, na shangazi Lorena alizoea kutuambia, "Nimeolewa na upepo mimi, tofauti yake huu wangu unadai kahawa."

Sasa nifike pale alipojikwaa. Wafumaji wetu huacha uzi mmoja ukatize ukingo wa zulia hadi nje, ili akili ya mfumaji isibaki imefungwa humo ndani, na Mjomba alifanya vivyo hivyo, kila picha aliizungushia ukingo na kuuachia upenyo. Lakini Oktoba 1979 alichora ndege, makorongo saba wakiruka, na mwenye duka mmoja wa Gallup akamwambia upenyo ule unaonekana kama kosa, basi akauziba. Bibi alipoiona alimwambia, "Umejifungia mwenyewe, mwanangu." Mjomba akajibu kwamba watoto hawali upenyo, wakarushiana maneno, na asubuhi akaondoka na picha bila kuaga, akaiuza Gallup. Wote wawili walikuwa na shingo ngumu, hakuna aliyelirudia jambo lile, na Februari 1983 Bibi akafariki.

Tangu hapo Mjomba hakutulia. Alirudi Gallup akakuta duka limefungwa, akaitafuta picha ile Santa Fe, akaitafuta Denver, kwenye kila onyesho alikuwa akizunguka kutazama kuta za watu badala ya kukaa na kazi zake, na nyumbani alikula amesimama. Nilipomsihi aache, aliniambia, "Akili yangu imo mle, Ranelle, ninyi mnaongea na ganda."

Mwaka 2017 figo zilianza kumsumbua, akawa anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Mwaka huu wa 2022 hali ilizidi, akalazwa, na ndipo Verna alipoipata picha kwa mwalimu mstaafu wa Durango, Bibi Ostrander, ambaye tarehe 3 Novemba aliileta mwenyewe kwa gari, imefungwa blanketi, hadi hospitali.

Mjomba aliomba brashi ili aufungue ukingo. Nikamwekea picha magotini, akapitisha kidole gumba pembeni akichagua mahali, kidole kikakwama kwenye kona ya juu, na chini ya vumbi tukaona uzi wa sufu, wa rangi ya mchanga, umekatiza ukingo hadi nje, umegandishwa kwa utomvu wa msonobari. Mama yangu Desbah akaugusa. "Sufu ya yule kondoo wa Mama," akasema, "yule wa jicho moja." Asubuhi ile ya ugomvi Bibi alikuwa ameamka kabla ya mwanawe, akaenda garini ilikolala picha, akamfungulia.

Nilikasirika, nasema wazi, nilimkasirikia Bibi kwa kunyamaza na Mjomba kwa kutouliza, lakini yeye alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Mama wee! Miaka arobaini na mitatu nakimbia, kumbe mlango uko wazi!" Shangazi Lorena akamwambia, "Na ungekimbilia wapi tena, wewe? Lala." Akalala siku nzima, brashi kavu mkononi. Tarehe 5 Novemba, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, alifariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akichomoa mipira, majirani waliotuletea kuni na mchuzi wa kondoo, wachoraji wenzake waliobeba jeneza, na Bibi Ostrander, ambaye ametuachia makorongo wale, nao ndio hawa mnaowaona hapa mbele.

Mjomba, kofia yako tumekuwekea ndani, hujasahau kitu. Mama yako alishakufungulia. Usigeuke, pumzika kwa amani.