Kisanduku cha Taa ya Kijani: Risala ya Watu wa Ghala la Chini kwa Mkurugenzi Mpya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wetu mpya,

Risala nyingi huanza kwa kusifu. Hii inaanza kwa kukiri: siku ile kisanduku kilipozimika, mjinga alikuwa mimi ninayekusomea, karani wa ghala. Wenzangu wawili wamenikubalia nisome kwa sharti kwamba hilo nilitamke kwanza, tena kwa sauti. Nimelitamka. Sasa tuendelee kwa wingi, maana aibu ikigawanywa huwa nyepesi.

MAKARIBISHO

Karibu sana ghala la chini. Pole kwa ngazi, na pole kwa lile bomba lililokugonga kichwani. Humgonga kila anayeshuka mara ya kwanza, na kwa muda mrefu halijapata wa kumgonga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mheshimiwa, sisi tumeugua vya kutosha. Tuliposikia unakuja, Shangazi, msafishaji wetu, alipiga deki mara mbili. Ya tatu tulimnyang'anya ndoo. Mzee Funguo, mlinzi wetu, amevaa tai. Tulikuwa hatujui kama ana shingo.

Tunajua pia kilichokuleta. Tumesikia kwamba leo, ukishajionea, utaamua kama ghala lifungwe na sisi watatu tutawanywe: mmoja lango kuu, mmoja ghorofa za juu, mmoja tawi la mbali. Hatutajifanya hatujasikia. Huku chini hatupati habari nyingi, kwa hiyo ile moja inayofika tunaitafuna mpaka mfupa.

HISTORIA FUPI

Ghala hili hupokea vifaa vya mtandao vilivyopitwa na wakati. Zamani alikuwepo Fundi Waya, aliyevijua vyote kwa majina kama mtu anavyowajua wajukuu zake. Alipostaafu, vifaa viliendelea kushuka bila yeye na bila maelezo. Ndipo ukazaliwa utaratibu wetu wa saa ya chai. Kifaa kipya kikishuka huwekwa mezani, na kila mmoja hukisia kazi yake. Sheria ni moja tu: anayesema ukweli anaosha vikombe. Ukweli, Mheshimiwa, humaliza mazungumzo haraka, na sisi mazungumzo ndiyo tuliyo nayo.

MAFANIKIO

Kwa utaratibu huo tumekwisha kutambua vifaa vingi. Lile bapa la chuma lenye safu mbili za matundu ni nyumba ya kupanga ya panya: kila mpangaji na mlango wake, hakuna kugombania choo. Ule waya wa manjano, mnene kama kifundo cha mkono, Mzee Funguo alisema ni kamba ya kuanikia mablanketi ya majitu. Shangazi akamjibu, "Majitu gani, mzee? Wewe hata shuka lako hujalianika." Kile chenye pembe mbili ni konokono aliyestaafu. Kile ambacho kikiunganishwa na simu hulia kama paka aliyebanwa na mlango, tulikubaliana kwamba ni mashine ya kufukuzia wageni. Tukakificha uvunguni mwa kabati la mwisho, kwa kuwa hatuna wageni wa kupoteza.

Na kile kikofia kidogo cha chuma, cha kuvalishwa ncha ya waya: mimi nilisema kinazuia mtandao usimwagike sakafuni. Baadaye nikaambiwa kwamba hapo niliukaribia ukweli. Wenzangu walinioshesha vikombe kwa kosa la zamani.

CHANGAMOTO

Vifaa havishuki tena. Tunaambiwa huko juu mtandao sasa unapita hewani. Hatubishi, hata salamu siku hizi zinapita hewani, ila huku chini hazifiki. Inabidi tuvikisie vilevile upya. Konokono ameshakuwa birika la mapacha, ameshakuwa fahali wa kuchezea watoto wa tajiri. Juzi zamu ilipofika kwa Mzee Funguo, alikitazama kifaa kwa muda, akasema, "Leo nacho hakina la kusema." 

Halafu kuna kisanduku kile pale ukutani, cheusi, chenye taa ya kijani. Fundi Waya alipokuwa akituaga alikigusa, akasema, "Hiki kisizimwe." Hakusema kwa nini, nasi hatukuuliza, siku ya kuaga watu huuliza mambo ya safari. Tangu hapo tumekilinda. Sikukuu tunapokezana kuja kukitazama. Siku binti wa dada yake alipoolewa, Shangazi alitoka ukumbini na nguo zake za sherehe, akaja, akaiona taa inawaka, akarudi kucheza. Tuliamini jengo zima linakitegemea: simu, kompyuta, mishahara, hata lifti.

Siku ile mimi nilichomoa waya wake wa umeme nikidhani ni wa redio, nikachomeka birika. Nilipogeuka maji yalikuwa yamechemka na taa imekufa. Nilipanda ngazi mbio kwenda kuliomba radhi jengo zima. Katibu muhtasi wa ghorofa ya kwanza alinitazama ninavyohema, akauliza, "Umeleta maji ya kunywa?" Wahasibu walidhani nimekuja kwa ajili ya kiyoyozi, wakanionyesha kinapovuja. Kila nilipouliza kama kuna kilichoharibika, watu walitazama kompyuta zao, wakanitazama mimi, wakasema mambo yote shwari. Mheshimiwa, sijawahi kuumizwa na habari njema kama siku ile.

Juu kabisa nilimpata fundi wa mtandao.

"Kisanduku cha chini?" akasema. "Kumbe chini kuna watu?"

Alishuka nami. Akaufuata ule waya wake mwingine, wa mtandao, mpaka ulipoingia ukutani, akatoka nje kuutafuta upande wa pili, kisha akatuita. Waya ulikuwa umekatwa zamani. Ncha yake ilikuwa imefungwa fundo zuri, inaning'inia bila kugusa kitu. Akatueleza kwa upole, kama daktari, kwamba kisanduku hakijaunganishwa na chochote wala yeyote.

Mzee Funguo alirudi ndani, akakichomeka tena. Taa ikawaka.

"Mzee wangu, nimekwambia hakifanyi kazi."

"Nimesikia, mwanangu. Na mimi nimekwambia nini?"

"Hujaniambia kitu."

"Basi."

Tulimbakiza fundi yule kwa chai. Tukampa kile kikofia akisie. Alisema ukweli wote, na mwaka kilipotengenezwa juu yake. Akaosha vikombe huku akicheka, akaahidi kurudi kesho yake. Siku ile ghala lilikuwa na sauti nne, na Shangazi aliimba akifunga madirisha yasiyofunguka. Fundi hajarudi. Tunadhani vikombe vilikuwa vingi.

DUA

Mheshimiwa, utaratibu unataka dua ije mwisho, baada ya maombi. Shangazi amekataa. Anasema dua inayofuata ombi inanuka rushwa. Kwa hiyo tunakuombea sasa, kabla hatujakuomba lolote. Mungu akupe afya, na magoti ya kupandia ngazi. Akupe watu wa kukuambia ukweli, na wengine wa kukusahaulisha. Na siku utakapostaafu, awepo japo mmoja atakayekumbuka ulikuwa wa kazi gani.

Ni sisi, Watu wa Ghala la Chini.

MAOMBI

Ombi letu ni moja, na limetutia ugomvini tangu juzi. Mzee Funguo alitaka tuombe ghala lisifungwe. Mimi nikasema risala haisemi hivyo. Mkubwa haambiwi asifanye. Huombwa feni, rangi, viti, vitu anavyoweza kutia saini.

"Na tukitawanywa," akasema Mzee Funguo, "hiyo feni nitaibeba mpaka lango kuu?"

Nikasema basi tuombe tuhamishwe pamoja.

"Pamoja kwa kazi gani? Akikuuliza tunafanya nini huku, karani, utamjibu nini? Tunapangisha panya?"

Akaniambia niandike tu ukweli kwamba kila mmoja wetu, ukimwondolea hawa wawili, hana mwingine wa kumuuliza kaamkaje. Nikakataa. Nikamwambia mkurugenzi haandikiwi upweke, maana ataupeleka idara gani? Tukabishana hadi chai ikapoa, jambo ambalo halijawahi kutokea ghalani kwetu.

Shangazi alikuwa akikamua tambara. Hakuinua hata uso.

"Andika viti," akasema. "Viti vinne."

"Tuko watatu, Shangazi. Atauliza cha nne cha nani."

"Akiuliza, mwambie akikalie. Tuone kama atalifunga ghala na kikombe chetu mkononi."