Kurasa Mbili Zilizofanana

Bwana wetu atukuzwe, ndugu zangu! Walisema sitaweza. "Huyo na diploma yake ya kompyuta atarudi Nairobi kuosha vyombo," walinicheka pale Ukunda. Leo tovuti inayokodisha nyumba za wageni Galu nimeijenga mimi, kwa mikono hii! Lakini nasimama mbele yenu nikilia.

Nilikuwa na kiburi. Nilitengeneza ukurasa mpya wa kulipia nyumba, nikaushindanisha na wa zamani. Kila mgeni wa tovuti alionyeshwa mmoja tu kati ya hizo mbili, kwa bahati nasibu. Siku ya tatu, watu ishirini walikuwa wameuona wa zamani, wawili wakalipia. Ishirini wengine waliuona mpya, sita wakalipia. Mara tatu! Nikalisimamisha jaribio papo hapo, nikatafuta fedha za kuutangaza hadi Ulaya. Bi Mwanasha, muuza mahamri wa Mwabungo, akanikopesha. Mama yangu akauza cherehani yake.

Kabla hajanipa fedha, mama aliniuliza, "Mwanangu, na ukizishindanisha kurasa mbili zinazofanana, zitatoka sare?"

"Mama, haya waachie wasomi."

Akanipa fedha.

Ndugu zangu, wageni hawakuongezeka. Fedha zikaisha. Mama alishona viraka vya watu kwa mkono mpaka ugonjwa ukamlaza, na hakuinuka tena.

Baada ya matanga nililikumbuka swali lake. Nikashindanisha ukurasa wa zamani na nakala yake, bila tofauti hata ya nukta. Siku ya tatu, kila mmoja ukiwa umeonwa na watu ishirini, mmoja ulikuwa na mlipaji mmoja, na mwenzake watano! Nilianguka kifudifudi. Ushindi wangu wote ungeweza kuwa bahati tu ya watu wachache.

Hapo Mungu alinifungua macho. Sasa naamua kwanza idadi ya wageni wa tovuti, mamia kwa mamia, na sisimamishi jaribio kabla hawajatimia. Tofauti ambayo bahati pekee ingeweza kuileta siiamini. Polepole nikaupata ukurasa bora kweli, na nyumba zikajaa. Ahsante Bwana! Nawe unayekimbilia ishara ya siku tatu, mtumaini Yeye, usubiri hesabu itimie.

Nimewalipa wote walionikopesha. Wa mwisho alikuwa Bi Mwanasha.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, mwanangu." Akazipokea fedha, akanitazama. "Na mamako, umemlipa?"

Asubuhi ile nilikuwa nimeinunua tena cherehani ya mama. Iko chumbani mwake marehemu, nimeifunika kwa leso yake ya kujifunga.