Kunguni wa Mia

Kwenye basi, mbele yangu walikaa fundi wa kupuliza dawa ya wadudu na mama mwenye nyumba ya wageni, aliyeshika kichupa chenye kunguni mzima.

"Mama, katika kila mia niliua tisini na tisa," fundi alijitetea. Si haba, nikawaza.

"Na huyo wa mia ndiye aliyezaa! Hakuwa kama wenzake, dawa haikumwingia. Sasa wanawe wamejaa vyumba vyote, na wote wamemrithi."

"Basi nitapuliza tena."

"Dawa ile ile? Miaka sita unanichagulia mbegu bora, fundi!"

Basi likasimama. Wakashuka wakibishana, kichupa wakakisahau kitini. Nikakiokota niwapelekee, kumbe kitupu. Kituo changu kilikuwa bado mbali, lakini nilishuka.