Mama Rangi, Aliyetangulia Mbele ya Mgonjwa Wake

Baba Paroko, masista, wanajumuiya, wafiwa wenzangu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu wiki hii ya Pasaka mkaja kutushika mkono, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi ni mdogo wa mume wa marehemu, na kabla sijaanza naomba niseme jambo ambalo wengi wenu mnalijua, kwamba tangu Kwaresima ilipoanza familia iliniagiza niandae historia ya kaka yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa, na aliyekaa kando ya kitanda akinitajia tarehe na miaka, huku akikunja nguo na kunitania, "Andika vizuri, shemeji, usije ukampunguzia mume wangu sifa," ni huyu huyu tuliyemleta mbele ya altare leo, na sasa ninasoma ya kwake, na ulimi wangu bado haujakubali.

Marehemu, ambaye parokia nzima ilimwita Mama Rangi, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa mtoto wa tatu wa baba mwashi na mama muuza mboga, akabatizwa Noeli ya mwaka huo huo, na alipofikia umri akaanza shule ya msingi ya parokia, ambako walimu walimsifu kwa akili na kumlalamikia kwa mdomo, kisha akaingia chuo cha ushonaji cha masista, akahitimu mwaka 1978, na sista aliyemfundisha, tunaye hapa, anasema hajapata mwanafunzi mwingine aliyefumua kazi yake mwenyewe mara nyingi namna ile, eti mshono umepinda, wakati jicho la mtu mwingine halioni kitu.

Mwaka 1979 alianza kazi katika chumba cha ushonaji kilicho nyuma ya sakristia, chenye dirisha moja na vyerehani viwili, kimoja kizima na kingine cha kubembelezwa, akashona kanzu za watumishi wa altare, sare za kwaya na nguo za Komunyo ya kwanza, na jina lake lilitokana na kwamba ni yeye aliyelibadilisha kanisa kila majira yalipogeuka, zambarau ya Majilio na ya Kwaresima, nyeupe ya Noeli na Pasaka, nyekundu ya Pentekoste, kisha kijani ya zile Jumapili nyingi za kawaida, hata watoto wa katekesi wakimwona amekumbatia kitambaa cha zambarau walinong'onezana, "Mama Rangi huyo, peremende basi tena."

Na hapo ndipo kaka yangu alipomkuta, Majilio ya mwaka 1982, alipoitwa kama fundi umeme kufunga taa kwenye pango la Noeli, akazifunga kwa mbwembwe zote, na asubuhi ya Noeli, kwaya ilipoanza tu Utukufu, kanisa zima likazimika, vipaza sauti vikanyamaza, na katika ule ukimya sauti ya kike ikasikika kutoka safu ya pili, "Fundi, umetuzimia Mtoto!", watu wakacheka, padre naye akashindwa kujizuia, kaka akarudi kesho yake kumwomba yule binti radhi, na kesho kutwa akarudi tena na radhi ile ile, mpaka mama mkwe akauliza kosa lenyewe ni kubwa kiasi gani. Kaka alitaka waoane mwezi wa Machi 1984, paroko wa wakati huo akamwambia Kwaresima haina arusi, avumilie, akavumilia kwa shida, wakafunga ndoa tarehe 28 Aprili, Jumamosi ya wiki ya Pasaka, wiki kama hii tuliyomo, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni nesi, wa pili ambaye ni mwalimu, na kijana wa mwisho aliyefuata ufundi wa baba yake, pamoja na wajukuu wanne.

Ndugu zangu, shemeji hakuwa mtu wa kukaa kimya akiona jambo limepinda, na wa jumuiya yetu mtakumbuka muuza mkaa na mwoka mikate, majirani waliokuwa hawasalimiani kwa miaka kwa sababu ya ukuta, kila mmoja akienda kwenye Njia ya Msalaba akihakikisha mwenzake yuko upande wa pili wa barabara, ikafika Alhamisi Kuu ya mwaka mmoja, shemeji akapewa kazi ya kuwapanga watakaooshwa miguu, akawakalisha hao wawili bega kwa bega, na paroko alipomuuliza kama ana hakika, alijibu, "Padre, mtu akishavua viatu mbele ya watu hana ujanja," na kweli, beseni lilipofika, nafasi ikawa finyu, mwoka mikate akasema, "Sogeza mguu wako," mwenzake akajibu, "Nisogeze wapi, nao umeshalowa?", wakatazamana, wakaanza kucheka, na leo wote wawili ni miongoni mwa waliobeba jeneza hili.

Kuhusu ugonjwa, hapa ndipo pagumu, kwa maana aliyeugua si yeye, kaka alipata kiharusi mwaka 2020, figo zikafuata, na Kwaresima hii madaktari walituruhusu turudi naye nyumbani, kwa lugha ile ya upole ambayo kila mtu anaielewa, akapewa Mpako wa Wagonjwa, jumuiya ikahamishia rozari chumbani kwake, na shemeji, mzima wa afya, akawa anamgeuza, anamwogesha na kutukaribisha wote kwa mizaha, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwangalia yeye.

Asubuhi ya Jumamosi Kuu, tarehe 30 Machi 2024, alimwachia jirani mgonjwa wake, akaenda kanisani kuivalisha altare iliyokuwa tupu tangu Alhamisi, akatandika kitambaa cheupe pamoja na kina mama wengine, akawaambia, "Vuteni huo upande, unainama," kisha akakaa kwenye benchi la mbele na kusema, "Ngoja nipumue kidogo," na walipomgeukia kumuuliza habari za maua, alikuwa amekwisha kwenda, na daktari alituambia baadaye kwamba ni moyo, ulisimama ghafla.

Kengele za kanisa hazilii siku hizo hadi Misa ya Mkesha, kwa hiyo habari ilikwenda kwa mdomo na kwa simu, kwamba kuna msiba kwa fundi umeme, na kila aliyeipokea akaimalizia mwenyewe, watu wakamiminika nyumbani wakilia, wakiuliza, "Mama Rangi yuko wapi tumpe pole?", na kaka, akiwa kitandani, akasikia analiliwa angali hai, akafungua macho, na binti yake mkubwa akapiga magoti akamwambia, "Baba, ni mama," akauliza, "Mama gani?", akajibiwa, "Mama yetu," naye akasema, kwa sauti ambayo hatukuisikia kwake tangu augue, "Hapana, mmekosea, ni mimi."

Kaka yuko hapa mbele yenu, kwenye kiti cha magurudumu, na suti aliyovaa, iliyopunguzwa kiuno na mabega kulingana na alivyokonda, shemeji aliishona upya mwezi uliopita na kuitundika kabatini kwa ajili ya siku ambayo sote tulidhani tunaijua.

Familia inamshukuru daktari na manesi waliomfikia haraka ingawa hapakuwa na la kufanya, tunamshukuru Baba Paroko, kina mama wa sakristia waliomfumba macho, wanakwaya, jumuiya zote, na majirani ambao tangu Jumamosi hawajatuacha hata kwa saa moja, na kama kuna tuliyemsahau, atusamehe, akili zetu bado hazijakaa sawa.

Shemeji, mgonjwa wako hakukubali chakula kutoka mkono wa mtu mwingine tangu ulipoondoka, alifumba mdomo kwa kila mmoja wetu, ila asubuhi hii amesema, "Nipeni, nisije nikamwaibisha," na amenituma nikutangazie mbele ya watu wote kwamba amekula, amemaliza, nawe sasa upumzike, Bwana akupe amani yake.