Mama Soma Mbele Anastaafu, Nasi Bado Tumeduwaa

Baada ya miaka thelathini na mmoja hospitalini kwetu, mshauri wetu, Mama Soma Mbele, anastaafu Ijumaa hii. Tulipotangaziwa kantini, vijiko viliganda hewani. Mpishi aliuliza kama ni utani. Tulimwona mama huyu kama ukuta wa jengo, na ukuta haustaafu.

Alianza kama karani wa mapokezi. Wagonjwa walimsimulia shida zao pale dirishani mpaka foleni ikafika barabarani, basi wakubwa wakaona afadhali wamsomeshe ushauri nasaha na kumpa chumba chenye mlango. Humo mna viti viwili, beseni la kunawia uso, na Biblia isiyofunguliwa mpaka mwenye shida amalize kusema. Hata mchungaji mmoja aliyeingia na mistari mdomoni aliambiwa, kwa adabu, aketi kwanza asikilize.

Jina la Soma Mbele alipewa na dereva wetu wa ambulensi. Baba huyu alikwenda kumshtaki mkewe, kidole kiko kwenye mstari wa mke kumtii mume. Mama akamwambia, haya, baba, soma mbele. Akakuta mume naye ameagizwa ampende mkewe hata kwa kujitoa uhai. Alitoka humo jasho linamtiririka kama aliyesukuma gari. Siku hizi anampigia mkewe simu kila mapumziko, na kantini nzima tunamcheka.

Mimi wa dobi, mfua mashuka ya wodi, nilikwenda kwake baada ya kujifungua. Nilikuwa namwogopa mwanangu. Akilia, miguu yangu inataka kukimbia. Wenzangu wa maombi waliniambia mtoto ni baraka, shukuru. Nikajiona mchawi. Nilijua mama naye atanisomea hayo hayo. Kumbe akanisomea habari za Hajiri, aliyeishiwa maji jangwani, akamlaza mwanawe chini ya kijiti, akaenda kukaa mbali analia, asimwone akifa.

Nilishtuka mwili mzima. Na hili nalo limeandikwa? Nikamnyang'anya kitabu, nikasoma mbele mwenyewe, natafuta pale Mungu anapomkaripia mama yule. Sikupaona. Aliulizwa tu ana nini.

Mama naye akaniuliza nina nini, nikasema yote. Hakuniachia maombi peke yake. Alinishika mkono mpaka kwa daktari, akaningoja kwenye benchi. Neno na dawa, alisema, ni ndugu, hawagombani. Nilimeza dawa, na kwake nikawa narudi, mpaka woga ukachoka kunifuata.

Mama, pokea shukrani za dobi, jikoni na wodi zote. Nenda ukalale mpaka jua likuamshe, wajukuu wakusumbue, na afya isikupungukie. Tunakutakia siku ndefu zenye vicheko. Na Ijumaa ukumbini, ukisikia mtoto anapiga kelele katikati ya hotuba ya mganga mkuu, usigeuke kwa wasiwasi. Ni wangu, na nimembeba mimi.