Fremu Nyembamba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Chuo unayestaafu leo, pamoja na mkeo, ndugu walimu, wanafunzi, na wenzangu wa mafagio na ndoo, hamjambo?

Wafanyakazi wamenituma niseme machache, mimi mfagizi wa ukumbi huu kwa miaka kumi na mmoja. Ninyi mnamuaga Mkuu. Mimi nauaga pia mchoro wake wa vyombo, ambao kesho anaondoka nao.

Nani hapa asiyeujua? Birika, kikombe, kisu na vitunguu viwili juu ya meza. Mkuu ametusimulia mara nyingi kwamba alivichora jikoni kwake, na alipopewa tuzo tulimpigia makofi. Hata mimi nilipiga. Lakini siku yangu ya kwanza kazini, nilipopanda ngazi kuufuta vumbi, nilishuka bila kuufuta. Kishikio cha birika lile kimefungwa kitambaa cha kijani. Mama yetu alilifunga birika letu hivyohivyo, kwa kipande cha kilemba chake, baada ya kuungua kiganja. Na kikombe kile kimevunjika kishikio, kimegeuziwa ukuta upande huo, kama mama alivyokigeuza kila wageni walipobisha hodi, wasije wakaiona aibu yetu.

Nikajiambia, dunia ina mabirika mengi. Siku moja nikamuuliza Mkuu kitambaa kile ni cha nini. Akanijibu, "Pambo tu, mama." Nikamuuliza mkewe, kwa upole, kama analikumbuka birika hilo. Akacheka, akasema jikoni kwake halijawahi kuingia. Je, ndugu zangu, ningeachaje kushuku?

Nina mdogo wangu, tuliyemwita Chiriku kwa kupenda kwake kusema. Alisoma uchoraji hapahapa, akifundishwa na Mkuu. Mchoro wake wa mwisho aliambiwa umelowa mvua, ukatupwa. Tangu hapo hajashika brashi, na hata maneno yamempungua. Yule pale safu ya nyuma, ananikonyeza nikae chini. Sikai, mdogo wangu. Nimekaa miaka kumi na mmoja.

Wiki iliyopita Mkuu aliniagiza niushushe mchoro, niufute vizuri. Basi nikafuta, mpaka ndani ya fremu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii niliipima, ina upana wa vidole viwili.

Mkuu, hatukuagi mikono mitupu. Zawadi yetu wafanyakazi ni fremu mpya, nyembamba, maana ile ya zamani ilikuwa nene mno, ikaimeza kona yote ya chini. Mchoro tumeshautia ndani yake, upo chini ya shuka hili. Ratiba inasema utaufunua wewe, lakini naona umeking'ang'ania kiti.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Chiriku, njoo ulivute shuka, kisha uwasomee jina lililo kwenye kona.